Mtego Niliomtegea Papa

Juzi nilitoka uwanja wa ndege wa Luano kumsindikiza binti yangu aliyekuwa anasafiri, nikashuka kwenye teksi kabla ya kufika nyumbani kwa sababu nilitaka kutembea kidogo peke yangu. Kando ya barabara mama mmoja alikuwa ameinamia mbabula yake, jiko la makaa, makala yamewaka vizuri, anababua panya wa porini aliowachomeka kwenye vijiti. Harufu ya manyoya yanayoungua ilinifikia kabla sijawaona panya wenyewe. Ni harufu kali, chungu kidogo, inayokaa nyuma ya koo na kukataa kutoka. Watu wengine huziba pua wakapita. Mimi nilisimama. Yule mama akaniuliza, "Mama, nikufungie?"

Ninyi mliokulia Lubumbashi wakati mmoja na mimi mtanielewa nikisema kwamba kuna mambo yaliyotokea tukiwepo na hatukuyaona. Tuliambiwa nendeni mkacheze nje, tukaenda tukacheza. Nilikuwa mtoto wa namna hiyo. Na mama yangu, aliyefariki wakati wa mvua zilizopita, hakupenda kuzungumza juu ya kiangazi kile tulichokaa porini. Alipokuwa hai nilimwachia kimya chake. Sasa tumebaki mimi na mdogo wangu Héritier, naye wakati ule alikuwa bado anabebwa mgongoni, hakumbuki chochote. Nisiposema mimi, hakuna atakayesema.

Baba yangu, tuliyemwita papa, alikuwa seremala. Babu zake walitoka Kasai wakaja kufanya kazi huku, wakabaki, na yeye mwenyewe alizaliwa hapahapa mjini. Alikuwa akitengeneza milango na makabati ya nyumba kubwa za Golf, mtaa wa matajiri. Jioni alirudi na vumbi la mbao kwenye nyusi, akamkalisha Héritier gotini, akatuambia, "Siku moja na siye tutahama. Tutaenda kuikala mu Golf, mu nyumba yenye milango ya mikono yangu." Mama alicheka. Mimi nilikuwa najua ni kweli.

Kisha kazi ya milango ikaisha. Baba akafuatana na wanaume wengine wa mtaa wetu kwenda kuchimba madini kwa mikono huko upande wa Likasi, kazi ya wale tunaowaita creuseurs. Alikaa huko majuma mazima, akarudi na nguo zilizoiva udongo mwekundu, akalala kutwa, akaondoka tena. Kila alipoondoka nilimsindikiza hadi kwenye kona ya barabara, na kila aliporudi nilikuwa wa kwanza kumwona. Kwa hiyo alipochelewa safari moja sikupata wasiwasi. Kuchelewa na kurudi kwake vilikuwa jambo moja.

Asubuhi moja nilipelekwa kwa jirani yetu, Mama Odette. Niliambiwa nyumbani kwetu wanapaka rangi na harufu yake ni mbaya kwa watoto. Nililala kwa Mama Odette, nikala kwake, nikacheza na watoto wake. Upande wa kwetu nilisikia watu wengi wakiimba mchana, wakiimba tena jioni, nikafikiri mafundi rangi ni watu wa furaha sana. Mama Odette alinipa vipande vikubwa vya samaki na kunishika kichwa bila sababu.

Niliporudishwa nyumbani kuta zilikuwa vilevile, zimechakaa, na alama ya makaa ya kiganja changu bado ipo karibu na mlango. Mama alikuwa amefunga kitambaa mpaka kwenye nyusi na chini yake hakukuwa na unywele hata mmoja. Nikadhani ni chawa, maana pale shuleni wasichana wenye chawa walinyolewa hivyohivyo. Sikumuuliza, nisimtie aibu.

Na uani kaka zake baba walikuwa wanatoa vitu. Walitoa kitanda, kabati, meza ambayo baba aliichonga miguu yake kwa kisu kidogo, redio, masufuria, hata misumeno yake. Moyo ulinidunda kwa furaha. Nilikimbia nje nikawatangazia watoto wote wa pale: "Siye tunahama! Tunaenda Golf!" Shangazi, dada yake baba, alikuwa anapita na kiti kichwani. Aliponisikia alikiweka chini, akajifunika uso kwa viganja vyote viwili, akakaa hivyo kidogo. Halafu akakiinua tena kile kiti akaenda nacho.

Mama alikuwa anamfunga Héritier mgongoni. "Tunaenda ku pori," aliniambia. "Ku shamba ya babu yako. Vacances," yaani likizo.

"Na papa?"

Aliivuta ile nguo ya kumbebea kwa nguvu mpaka mtoto akaguna. "Papa iko ku kazi," alisema.

Leo najua mambo ambayo wakati ule sikuyajua. Najua kwamba mjane wa mtu ambaye mwili wake haujaonekana hana hata kaburi la kukaa kando yake na kudai chochote mbele ya ndugu za mume. Wazazi wa mama walikuwa wamekufa zamani. Ndugu pekee aliyebaki naye ni mdogo wake wa kiume, mjomba wangu Tonton Flori, aliyekuwa akisafiri kama msaidizi wa dereva kwenye malori ya mfanyabiashara mmoja wa Kivu, na wakati huo alikuwa mbali sana mashariki, hakuna aliyeweza kumpata. Mama alikuwa na watoto wawili, kifurushi cha nguo, mfuko wa unga, panga, na mahali pamoja tu ambapo hakuna ambaye angekuja kumfukuza.

Tulipanda lori lililokuwa linaelekea upande wa Kinsevere, likatuacha njiani, tukatembea. Msitu wa miti ya miombo ulikuwa umeanza kupukutika, majani yanalia chini ya miguu. Shamba la babu lilikuwa limemezwa na nyasi. Kilichobaki ni kibanda cha watu waliowahi kuchoma makala hapo, nusu ya paa imekwenda, na mihogo michache iliyokataa kufa. Mama aliufungua mlango, akafagia kwa tawi, akatandika. Mlango ulikuwa unaangalia kijia chembamba kilichoteremka mpaka barabara ya malori. Ukikaa kizingitini uliliona vumbi jekundu likinyanyuka kila gari lilipopita.

Mwanzoni unga ulitutosha. Ulipokaribia kwisha, mama aliamka asubuhi moja akakaa akiangalia msitu kwa muda mrefu, kama mtu anayejaribu kukumbuka jina. Halafu akaniita. "Kuya, Ngalula. Nikuonyeshe kintu."

Sikujua kwamba mama yangu anajua kutega. Mjini nilimjua kama mwanamke anayepiga nguo pasi na kusuka nywele. Lakini alikuwa mtoto wa kwanza wa babu, na Tonton Flori alichelewa sana kuzaliwa, basi babu alimchukua yeye porini kama ambavyo angemchukua mtoto wa kiume. Yote yalikuwa bado mikononi mwake. Alitafuta jiwe bapa, zito, akaliegemeza juu ya vijiti vitatu vilivyokatwa pembe na kushikana, kijiti cha chini kikiwa na punje ya karanga iliyokaangwa. Akaniambia niguse ile karanga kwa jani refu la nyasi. Niligusa, na jiwe likaanguka kwa kishindo kilichonirusha nyuma. Mama akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu kitambaa kile kifungwe.

Hivyo ndivyo tulivyowapata panya wa porini. Tuliwababua manyoya kwenye moto, tukawakwangua kwa kisu, tukawachoma mpaka ngozi ikapasuka. Nilikula na mifupa.

Baadaye akanifundisha mtego wa kitanzi. Alichubua maganda ya mti, akayatafuna kidogo kuyalainisha, akayasokota pajani mpaka yakawa kamba ngumu kuliko nilivyodhani ganda linaweza kuwa. Aliinamisha mti mchanga, akaufunga kwa kamba hiyo, akaushikiza kwa kijiti kidogo kilichokaa juu ya kingine kwa shida, hata pumzi ungedhani itakiangusha. Kitanzi alikitandaza juu ya njia. Kabla ya kugusa chochote tulisugua mikono kwa majani na majivu. "Nyama ikisikia harufu ya muntu, haipite," alisema. Kwa kanga alisimika ukuta mdogo wa vijiti, mrefu, na kuacha uwazi mmoja tu, kwani kanga ni ndege mvivu wa kuruka, atatembea kando ya ukuta mpaka auone mlango. Kitanzi kilikuwa mlangoni.

Nilikuwa na maswali mengi na porini alinijibu yote. Nilimuuliza anajuaje mnyama atapita pale. Akapiga magoti, akanionyesha majani yaliyolala upande mmoja, unyoya, kinyesi, alama ya kwato kwenye udongo laini. "Njia alipita jana, njo ileile atapita na kesho," alisema. "Kila nyama iko na njia yake. Anatoka nayo, anarudia nayo." Na kuhusu chambo: "Hii inapenda karanga. Ile inapenda mahindi. Kama haujue kintu anapenda, usisumbuke kumutega."

Niliyameza maneno hayo yote. Nilikuwa mtoto msikivu sana, na hilo ndilo lililotuumiza.

Siku tulipomkamata kanga wa kwanza mama alimnyonyoa kizingitini, akampasua, akatoa firigisi, akaisafisha kwa uangalifu, akaiweka pembeni juu ya jani. Mnajua desturi yetu. Firigisi haiwi ya mtoto, haiwi ya mama. Ni ya baba wa nyumba, hata akichelewa itamsubiri imefunikwa. Mama aliiweka pale kama mikono yake ilivyozoea, halafu nikamwona ametulia, kisu hewani, anaiangalia. Aliiangalia mpaka mimi nikaona haya. Kisha akaichoma pamoja na nyama nyingine na kunipa mimi. "Kula," alisema.

Sikuila. Niliificha mkononi, ya moto hivyohivyo, kwa sababu wazo lilikuwa limenijia lote kwa mara moja. Papa yuko kazini. Akirudi mjini ataikuta nyumba tupu, hajui tuko wapi. Atatutafuta. Atapita barabara ile ya malori, na asipojua kuna kibanda huku juu, atapita moja kwa moja. Lakini kama nikimtega, hatapita.

Nilichagua mahali pale ambapo kijia chetu kinakutana na barabara, chini ya mti mchanga unaopindika vizuri. Sikutumia kamba ngumu, nisimuumize. Nilisokota ganda laini, nikalizungushia kitambaa nilichochana kwenye upindo wa gauni langu. Ukubwa wa kitanzi niliupima kwa kukumbuka kiatu chake, kwa vile nilikuwa nimezoea kuvivaa viatu vyake na kuburuta miguu uani, nikijua kisigino changu kinafika wapi. Mikono sikuisugua majivu. Nilitaka aisikie harufu yangu. Firigisi niliiweka katikati, juu ya jani safi.

Asubuhi iliyofuata firigisi haikuwepo.

Siwezi kuwaeleza furaha ile. Nimeolewa, nimezaa, na bado sijui kama niliwahi kufurahi hivyo tena. Kitanzi kilikuwa hakijafyatuka, na hilo nilijieleza kwa urahisi: papa ni fundi, anajua vitu vinavyofungwa na kufunguka, ameuona mtego, akatabasamu, akala chakula chake akakimbilia kazini. Kwa hiyo yuko karibu. Kwa hiyo anajua tulipo. Tangu hapo kila nilipopewa chakula nilitenga sehemu, kipande cha muhogo, paja la panya, na kukipeleka njiani. Kila asubuhi kilikuwa kimekwenda. Nilianza kukonda, nami sikujali.

Mama alijali. Siku moja alinifuata nyuma bila mimi kumsikia, naye alijua kutembea msituni bila kusikika. Alinikuta nimepiga magoti nikipanga chakula juu ya jani.

"Ngalula. Chakula yako, unapeleka huku ya nini?"

Niligeuka nikiwa natabasamu, nafurahi kwamba hatimaye naweza kumwambia. "Ninategea papa," nilisema. "Anakuyaka kila siku. Anakula, anarudia ku kazi. Angaria, ya jana alimaliza yote."

Mama alimshusha Héritier kutoka mgongoni, akamkalisha chini. Aliangalia kitanzi, kitambaa cha gauni langu, jani. Nilingoja anisifu jinsi nilivyoinamisha mti. Alipiga magoti kando yangu na sauti yake ilipotoka ilikuwa ya chini sana.

"Soma chini," alisema. "Vile nilikufundisha. Ni miguu ya nani?"

Nilisoma. Udongo ulikuwa laini kwa umande na alama zilikuwa wazi: nyayo ndogo, za mviringo, zenye kucha mbele, zikija na kurudi, zikija na kurudi. Nilizijua. Nilikuwa nimeziona kila asubuhi na kuziruka kwa macho.

"Nguchiro," nilisema.

"Na pale?"

"Nguchiro."

"Iko pahali unaona kiatu?"

Nilitafuta. Nilitafuta kwa muda mrefu, nikatambaa mpaka kwenye ukingo wa barabara. Alikuwa ananingoja. Nilipomrudia nilitikisa kichwa.

Ndipo mama akakaa chini, miguu imenyooka mbele kama wanawake wanavyokaa msibani, akanivuta. "Papa Ngalula alikufa," alisema. "Shimo ilibaangukia, yee na benzake. Tungali ku nyumba. Ile siku ulikuwa kwa Mama Odette."

Nilimuuliza, "Ulimuona?"

"Hapana."

"Nani alimuona?"

"Hakuna. Balishindwa kubatosha mu shimo. Udongo ni mingi."

"Basi anaweza kuya," nilisema.

Nilimwangalia usoni nikingoja akatae. Angesema hapana tu, mara moja, ingekwisha. Macho yake yakanipita, yakaenda barabarani, ambako lori lilikuwa linapanda polepole na vumbi lake, na akaliangalia mpaka likapita. Nilikuwa mtoto, lakini niliona namna alivyoliangalia. Alikuwa anaangalia nani ameketi juu ya mzigo.

Siku zilizofuata sikuzungumza naye. Nilimkasirikia kwa kusema neno lile. Niliendelea kupeleka chakula njiani na yeye hakunizuia, ila aliniongezea sehemu yangu ili nikitenga kibaki cha kunishibisha. Mimi sikujiuliza nyongeza hiyo ilitoka wapi. Mifupa ya mabega yake ilikuwa imeanza kuonekana chini ya blauzi, na maziwa ya Héritier yalipungua, mtoto akawa analia mchana kutwa kwa sauti nyembamba.

Kisha tukamkamata kanga mwingine. Mama alimpika, tukala. Sikuiona firigisi, wala sikuitafuta kwa kuwa nilikuwa bado nimenuna. Baadaye nilishuka njiani na kipande changu cha muhogo, nikakuta juu ya jani langu kuna kitu tayari. Ilikuwa ile firigisi, imechomwa vizuri, imekatwa katikati kama baba alivyopenda, na kando yake pilipili moja ndogo. Mimi nisingekumbuka kwamba aliila na pilipili.

Nilirudi juu. Mama alikuwa kizingitini anamenya mihogo, uso umeelekea barabarani. Nilikaa karibu naye nikachukua kisu kingine. Hatukuzungumza juu ya jambo lile siku hiyo, wala siku nyingine yoyote mpaka alipokufa. Lakini kununa kwangu kuliisha palepale. Tulikuwa wawili sasa tunaongoja.

Tonton Flori alikuja mchana wenye joto, upepo wa kiangazi ukizungusha majani. Tulimwona kwa mbali akisukuma baiskeli kwenye kijia. Mimi niliruka. Kwa muda mfupi tu, kwa sababu ya mabega, nilidhani ni yeye, na nikasikia nyuma yangu kikapu cha mihogo kinaanguka, nikajua kwamba mama pia amedhani. Halafu akakaribia, tukaona ni nani. Mama hakwenda kumpokea. Alibaki amesimama, mkono umeshika mwimo wa mlango.

Tonton Flori alilaza baiskeli chini, akavua kofia. Alikuwa amerudi kutoka mashariki akatuuliza mjini, akaambiwa yote na Mama Odette, akaenda kwanza Likasi kabla ya kuja kwetu. Alikuwa kijana mchangamfu, mpenda mizaha, na nilishangaa kumwona amesimama mbele ya dada yake kama mtoto aliyeitwa na mwalimu.

"Yaya," alisema, kama tunavyomwita dada mkubwa. "Balibatosha."

Mama aliushika ule mwimo kwa mkono wa pili pia.

"Balipitia upande ingine, balichimba mpaka balibafikia. Balikuwa pamoja, bote, mu kona moja." Aliizungusha kofia mikononi. "Tulibazika kulekule, haikuwezekana kubabeba. Miye nilikuwapo, yaya. Nilimutelemusha na mikono yangu."

"Ulimujuaje?" mama aliuliza.

Tonton Flori alitoa kifurushi cha plastiki ndani ya shati, akakifungua. Ulikuwa mkanda wa suruali, mweusi, umekakamaa kwa udongo. Karibu na tundu la mwisho ulikuwa umekatika zamani na kushonwa kwa uzi mweupe unaofumuliwa kwenye mifuko ya unga. Mama aliuchukua. Alipitisha kidole gumba juu ya ule mshono, taratibu, akaurudia, kama mtu asiyeona anayesoma kwa kugusa.

"Njo miye nilishona," alisema.

Niliwaangalia wote wawili nikingoja mmoja wao aseme kwamba huenda si yeye. Mama aliuzungusha mkanda kwenye kifundo cha mkono.

Tonton Flori alituambia tukusanye vitu, twende tukakae kwake, ana chumba kinachotutosha sote. Mama akamwambia angoje kwanza, maana hawezi kuondoka na mitego ikiwa imetegwa. Mnyama angenaswa akafia pale bure, hakuna wa kuja kumtoa. Basi tukazunguka, yeye mbele, mimi nyuma, Tonton Flori amembeba Héritier. Aliangusha kila jiwe kwa mguu. Alifungua kila kitanzi, akauachia kila mti ukarudi juu kwa mlio. Aling'oa ukuta wa kanga, kijiti kwa kijiti, na kutupa vijiti kwenye nyasi. Alifanya haraka, bila kuangalia nyuma, mkanda ule ameuzungusha kwenye kifundo cha mkono.

Tulifika kwenye makutano ya kijia na barabara. Mtego wangu ulikuwepo. Jani lilikuwa tupu.

Mama alinyoosha mkono, akaurudisha. Alijaribu tena. Halafu akanigeukia, na sauti yake haikuwa ya mama anayemwamuru mtoto. "Siwezi," alisema. "Weye njo ulitega. Tegua."

Nilipiga magoti. Nilikishika kile kijiti kidogo cha juu kwa vidole viwili kama alivyonifundisha, nikauzuia mti kwa mkono mwingine usije ukaruka, nikakitoa. Mti haukuruka. Ulikuwa umekaa umeinama muda mrefu mno, ukabaki vilevile. Nilifungua fundo, nikavua kitambaa cha gauni langu, nikakunja kamba. Nilipomaliza niliona mama amekaa chini, anachimba kwa panga katikati ya kijia, pale kitanzi kilipokuwa. Hakuchimba shimo kubwa. Aliuviringisha mkanda, akauweka humo, akaniangalia, nami nikaweka kamba juu yake. Tukafukia kwa viganja, mimi na yeye, vichwa vimegusana.

Hapo ndipo mama alipolia. Nilikuwa sijamsikia akilia tangu tulipotoka mjini, wala kabla yake, na sauti ile ilinitisha, ilitoka mahali nisipopajua, ikapanda, ikakatika, ikapanda tena mpaka ndege wakaondoka mitini. Héritier alianza kupiga kelele mikononi mwa mjomba. Mama hakumsikia. Alikuwa anapiga udongo kwa kiganja na kuita, "Kazadi! Kazadi, eeh! Umetuachia nani?"

Nilikuwa sijawahi kulisikia jina hilo kinywani mwake. Yeye alimwita Papa Ngalula, majirani walimwita Papa Ngalula, na mimi nilidhani baba yangu aliletwa duniani siku niliyozaliwa. Sasa mama alikuwa anamwita mtu mwingine, kijana aliyemjua kabla yangu, na nilielewa kwamba huyo naye amekufa, na kwamba yeye sikuwahi hata kumwona.

Nilimkumbatia kwa nyuma, pale ambapo mdogo wangu hubebwa. Lori lilipita, vumbi likatufunika, hatukunyanyua macho kuangalia aliyekaa juu ya mzigo. Hakuna aliyemwambia mama anyamaze. Tulikaa naye njiani mpaka akachoka kumwita.